Mwaka wa Zabibu Zilizochelewa

Mwezi uliopita tulimzika mama yake Eliya. Matanga yalifanyika katika ukumbi wa kanisa kule Skärholmen, hapa Uswidi, na kama ilivyo kawaida ya misiba yetu huku, Kiswahili kilikuwa cha kila namna. Waburundi waliolelewa makambini Kigoma walisema kile kilichonyooka cha Tanzania, sisi wa Bukavu tukachanganya chetu na Kifaransa, na watoto waliokuwa wakigawa soda wakatujibu wote kwa Kiswidi. Nilikuwa nimekaa karibu na dirisha, sahani ya wali na sombe ya majani ya muhogo mapajani, nilipomwona mwanamume mwenye upara na miwani akija moja kwa moja kwangu, huku waliotaka kumpa pole wakimfuata kwa macho. Alikuwa Eliya. Alikaa bila kuuliza kama kiti kina mtu. "Furaha," akasema, "bado uko na zile zabibu?" Nikamwambia bado. "Na siku hizi zinaiva?" Nikajibu, "Miaka mingine." Alicheka kidogo, cheko la mtu aliyefiwa, kisha akaniuliza jambo ambalo hakuwahi kuniuliza hata siku ile ya uwanja wa ndege: "Hivi ulibaki kwa sababu gani?" Kabla sijafungua mdomo mzee mmoja wa kanisa alimshika bega, Eliya akainuka, na sikupata tena nafasi ya kukaa naye. Mkewe alinisalimu kwa upole. Baadaye nikasikia wamekwisha kurudi Montreal. Tangu hapo nimekuwa kama mtu aliyetoka nyumbani akakumbuka kwamba ameacha jiko linawaka. Nainuka, nakaa, nafungua madirisha, nayafunga. Ndiyo maana naandika habari za mwaka ule ulioanza Machi 2008, mwaka nilioupitia nikiwa na miaka ishirini na mitano na mguu mmoja mlangoni.

Nasema mguu mmoja mlangoni kwa maana hivyo ndivyo nilivyoishi. Nilikaa kwa Mama Feza, dada mkubwa wa mama yangu, katika ghorofa moja huko Hallunda, na tangu nimalize shule sikuwa nimewahi kukaa mahali pa kazi nikauona msimu uleule ukirudi. Nilifagia vyumba vya hoteli, nikaacha. Nilikanda mikate, nikaacha. Niliwalisha watoto wa chekechea uji na kuwafunga kamba za viatu, na siku walipoanza kuniita kwa jina nikaona kama ukuta unanisogelea, nikaacha. Sikuwa mvivu, na mabosi wote walinililia. Ila nilikuwa na kitu kifuani kama nyuki ndani ya chupa. Na miaka ile haikusaidia, kwa sababu kila mtu alikuwa akizungumzia Kanada. Alhamisi baada ya mazoezi ya kwaya akina mama walikuja kwetu kula, nami nikiwa jikoni nikikaanga sambaza, zile dagaa za Kivu, zilizokuja zimekaushwa kutoka nyumbani, nilisikia habari zilezile sebuleni: fulani amefika Ottawa na amekwisha kununua nyumba, fulani watoto wake wanasoma kwa Kifaransa, kule mtu anaweza kuimba kanisani kwa sauti na jirani asigonge ukuta. "Hapa tunangojaka tu," alisema mmoja. "Tunangojaka nini?" Mama Feza akauliza. Nilisimama pale na mwiko mkononi nikiwa na hakika kwamba mimi sitangoja.

Wakati huo nilikuwa jikoni katika nyumba moja ya kutunzia wazee, na huko ndiko nilikokutana na Lennart. Alikuwa amepata kiharusi, mguu na mkono wa kushoto ilikuwa imelala, na aliletwa pale kwa miezi michache ajifunze kusimama tena. Wauguzi walimwogopa. Alirudisha kila sahani. Siku moja nilitumwa nikamuulize ana shida gani na chakula, akaniambia huku akitazama dari, "Kila kitu hapa ni kitamu. Mchuzi mtamu, mkate mtamu, samaki mtamu. Nitakufa kwa utamu." Nilirudi jikoni, nikakata ndimu vipande, nikazipaka chumvi kama tulivyofanya utotoni tukitoka shule, nikampelekea kwenye kisahani. Aliweka kipande kimoja mdomoni, jicho lake moja likajifumba lenyewe, akatikisa kichwa kama mbwa aliyetoka majini. Halafu akacheka, na mhudumu mmoja akaja mbio akidhani amepaliwa. Kuanzia siku hiyo nilikaa naye dakika chache kila mchana, naye akanieleza jambo ambalo nilidhani ni maneno ya ugonjwa: kwamba yeye na mkewe wana shamba la mizabibu upande wa kusini, mwendo wa treni na basi kutoka hapa, na kwamba wanatengeneza divai. "Divai ya Uswidi?" nikamuuliza. "Yenye theluji juu yake?" Akasema, "Theluji haiui mzabibu. Kinachoua ni watu wenye haraka." Alipokaribia kuruhusiwa kwenda nyumbani alinishika kiganja kwa mkono wake mzima akaniambia kwamba mkewe Gunilla yuko peke yake kwenye mteremko na wakati wa kupogoa umefika. Wiki hiyohiyo niliaga jikoni.

"Tena?" alisema Eliya nilipomweleza. Tulikuwa kwenye kituo cha treni Skärholmen, yeye na begi lake la vifaa vya umeme, mimi na habari zangu. Eliya alikuwa mchumba wangu, mtu aliyekunja shati lake kabla ya kulala hata akiwa mgonjwa. Kaka yake alikuwa Montreal na alikuwa amekwisha kumtafutia kazi, na sote wawili tulikuwa tumepata pasipoti za Uswidi, kwa hiyo mpango ulikuwa mwepesi: tungeondoka vuli, kaka yake angetupokea, ndoa ingefungwa kule. Nikamwambia hii ni kazi ya msimu tu. Zabibu huvunwa mwishoni mwa Septemba, sisi tunaondoka Oktoba, hakuna kitakachogongana. Akaniuliza, "Umewahi kulima?" Nikamwambia hapana. "Basi sawa," akasema, "angalau hii ina tarehe ya mwisho."

Naikumbuka siku ya kwanza kuliko siku nyingi zilizofuata. Basi kutoka Södertälje liliniacha kwenye kibanda cha kituo katikati ya mashamba meupe, na Gunilla alikuwa ananisubiri ndani ya gari kuukuu lenye harufu ya mbwa ingawa mbwa hakuwapo. Alikuwa mwanamke mrefu, mwalimu wa kemia aliyestaafu. Tuliposhuka nilitarajia kuona kitu. Sikuona kitu ila mteremko unaotazama kusini, ukishuka hadi ziwani, na safu za miti mikavu iliyofungwa kwenye nyaya, kila mmoja umepinda kama kidole cha bibi kizee. Ziwa lilikuwa bado lina barafu pembeni na maji meusi katikati. Ukungu ulikuwa unainuka juu ya maji, nami nikasimama. Watu hudhani sote tumetoka kwenye joto, lakini mimi ni mtoto wa Bukavu, nimekua kwenye mlima juu ya ziwa, nikienda shule asubuhi za Julai nimejikunyata ndani ya sweta huku ukungu wa Kivu umefunika rasi zote. Sikuwa nimeuona ukungu wa namna ile tangu niondoke. "Kuna tatizo?" Gunilla akauliza. Nikasema hapana, nikamwomba mkasi.

Kupogoa kunafanywa ukiwa umeinama, na baridi inaingia kupitia kiuno. Unakata karibu kila kitu ambacho mti ulikiotesha mwaka uliopita, unaacha macho machache tu, zile chembe zitakazochipua matawi mapya, na unapaswa kuamua ni yapi. Wiki ya kwanza nilikata kama mtu anayefukuzwa. Lennart, aliyekuwa ameketishwa kwenye dirisha la jikoni na darubini yake, aligonga kioo kwa fimbo kila nilipokosea, na sauti ile, ko ko ko, ilinifuata hata kwenye treni ya kurudi Hallunda. Lakini saa nne tuliingia ndani kunywa kahawa, na jiko lile sijaliona tena mfano wake: meza ndefu ya mbao iliyochomwa na sufuria za moto miaka na miaka, redio iliyosema habari za hali ya hewa mfululizo, chupa tupu za nchi nyingi juu ya kabati, na mkate mweusi mgumu uliokatwa vipande vyembamba na jibini. Hapo ndipo Lennart aliponifundisha, akichora kwa kidole kwenye makombo. Kwenye nchi za joto, alisema, zabibu huiva haraka, sukari inajaa, na uchachu unakimbia. Hapa jua ni dogo lakini siku ya kiangazi haina mwisho. Mawe ya mteremko hushika joto, ziwa hushika joto na kulirudisha polepole vuli inapoanza, na zabibu hukaa kwenye mti muda mrefu ikijikusanyia harufu wakati uchachu wake bado upo. "Ukibahatika unapata vyote viwili," alisema. "Usipobahatika?" nikauliza. Gunilla akajibu kutoka kwenye sinki bila kugeuka: "Unapata siki. Tumepata siki miaka miwili."

Mwanzoni mwa Juni nilisikia jambo ambalo halikusemwa kwa ajili yangu. Machipukizi yalikuwa yametoka, laini, yenye rangi ya waridi kwenye ncha, na alfajiri moja umande uliganda juu yake upande wa chini wa shamba. Tuliyakuta meusi kama majani ya chai. Gunilla alitembea safu zile zote, akaingia ndani, nami nikabaki nje nikivua buti kwenye ngazi. Dirisha lilikuwa wazi. "Mwaka huu zisipoiva, tunang'oa," alisema. "Mimi siwezi tena, Lennart. Wewe unatazama, mimi ndiye ninayepanda mteremko." Halafu sauti ya Lennart, ambayo sikuwahi kuisikia ikiwa ndogo hivyo: "Nipe mwaka huu tu." Nilivaa buti zangu tena nikarudi kwenye mteremko ingawa hakukuwa na kazi. Mpaka saa ile mimi nilikuwa mpita njia. Sijui ni nini kilichobadilika, ila nilianza kutazama anga kama mtu mwenye mgonjwa ndani ya nyumba.

Huko Hallunda nilikuwa na baraza jingine. Mama Feza hakuruhusu harufu ya pombe ipite kwenye kizingiti chake. Alikuwa na sababu zake, na si zangu kuzisimulia. Sikumficha ninapofanya kazi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakunja kanga yake magotini, akasema, "Nguo za kule zinalala kwenye balkoni. Na weye, ukinukia ile kitu, unalala nazo." Kila jioni nilivulia nje, mbele ya majirani wa jengo la pili, hata mvua ikinyesha. Nilimwambia bado ni majani tu, Mama, hakuna divai kwenye majani. "Nuhu naye alianzaka na majani," akajibu. Lakini alinibakizia chakula kila siku, ugali umefunikwa kwa sahani, na akinitazama nakula aliuliza maswali kwa mzunguko: yule mzee anatembea sasa? Yule mama, ana watoto? Nani anawapikia? Nikamwambia wanakula mkate na jibini. Alisikitika kuliko alivyosikitikia ulevi.

Kiangazi kile hakikuja. Kilikuja kidogo mwezi wa Julai, maua ya mizabibu yakafunguka, madogo mpaka unahitaji kuinama uyaone, yenye harufu ya asali iliyochanganywa na majani. Kisha mvua ikafunga njia. Agosti tulipunguza majani ili jua lifikie vishada, na jua halikuwapo. Tulitandika nyavu kuzuia ndege, nyigu wakapita katikati. Gunilla alikuwa na kidude kama darubini ndogo. Unakamulia tone la zabibu juu ya kioo chake, unakielekeza kwenye mwanga, unasoma sukari. Alianza kupima kila siku, kisha asubuhi na jioni, na kila mara aliposhusha mkono nilijua jibu kabla hajasema. Septemba ikaisha. Zabibu zilikuwa nzuri kuzitazama, za kijani iliyoanza kuwa ya dhahabu, na ukiziuma zinakukaza mashavu. "Tungoje," alisema Gunilla. Jirani mmoja mwenye ng'ombe akatuambia tuvune mvua isituozeshee. "Tungoje," akasema Lennart. Mimi, ambaye nilifunua sufuria ya wali mara kumi kabla haujaiva, nilitembea safu hadi safu nikiongea peke yangu. Nyumbani sanduku langu lilikuwa limefunguliwa juu ya kitanda, nusu limejaa, na tiketi ilikuwa ya Jumamosi.

Eliya alikuja shambani Jumatano ile, mara ya kwanza na ya mwisho. Alishuka kwenye basi na viatu vyake vya mjini, akapanda mteremko bila kulalamika, akasimama karibu nami akitazama ziwa. Nilimchumia zabibu. Aliitafuna polepole, kwa adabu. "Hii ni ndimu yenye mbegu," akasema. Tulicheka wote wawili. Halafu akauliza, "Watavuna lini?" Nikamwambia hatujui. Labda Jumapili, labda wiki ijayo, redio inasema baridi kali itashuka. "Watavuna bila wewe, Furaha." Nikasema najua. "Basi?" "Nataka kuona kama zitaiva." Aligeuka akanitazama kama fundi anavyotazama waya ambao hajui unaelekea wapi. "Tangu nikufahamu hujawahi kungoja kitu," akasema. "Mimi mwenyewe nimekungoja kwa niaba yetu wote wawili. Sasa leo unangoja hii?" Gunilla alitukaribisha kahawa, na alipomaliza yake akaniambia mbele ya Eliya, waziwazi, "Nenda na mwenzako. Zabibu si ndugu zako." Alisema kwa wema. Lennart hakugeuka kutoka dirishani.

Jumamosi nilikwenda uwanja wa ndege. Nataka hili lieleweke, kwa sababu watu wa kanisani walisimulia kwamba nilijificha. Nilikwenda, nimevaa koti langu zuri, Mama Feza ameniombea na kunilia, na tukasimama kwenye foleni mimi na Eliya na masanduku yetu. Kwa miaka yote niliyokuwa naacha mahali, kuondoka kulikuwa kama kufungua dirisha, hewa iliingia. Siku ile sikusikia hewa. Nilisikia tu kwamba kuna jambo limebaki katikati, na kwamba maisha yangu yote yalikuwa mambo yaliyobaki katikati, chekechea, mikate, vyumba vya hoteli, na kwamba Montreal nayo ingekuwa hivyo, na Eliya pia, siku moja, angekuwa hivyo. Hilo la mwisho ndilo lililonitisha. Tulipofika mbele sanduku langu likawa tayari kwenye mizani. "Tangulia," nikamwambia. "Nitakuja baada ya mavuno." Dada aliyekuwa kaunta aliinamisha macho. Eliya hakupandisha sauti. "Usiniambie ya mavuno," akasema. "Niambie kwamba utakuja." Nilitazama sanduku langu kwenye mizani. Basi akaliinua sanduku langu mwenyewe kutoka kwenye mizani, akaliweka chini karibu na mguu wangu, akalishikilia kwa mkono lisianguke. Kisha akampa yule dada pasipoti yake, moja.

Nilifika shambani jioni, nikiwa na viatu vya safari na sanduku zima. Gunilla alikuwa mlangoni na kidude chake. Alitazama sanduku, akanitazama, akasema tu, "Sukari imepanda kidogo. Haitoshi. Lakini baridi inakuja kesho usiku, kwa hiyo tunavuna." Alinipa chumba cha juu, kilichokuwa cha kushonea, kitanda chembamba kati ya cherehani na marobota ya vitambaa. Jumapili tulianza kukiwa na mwanga wa kwanza: Gunilla, mimi, jirani mwenye ng'ombe na dada zake wawili. Lennart aliketi kwenye kiti cha magurudumu mwisho wa safu na meza mbele yake, akichambua vishada kwa mkono mmoja, akitupa vilivyooza. Vidole viliganda. Juisi ilinata, ikakauka, ikapasua ngozi. Mchana tulikuwa hatujafika nusu, na nikamwona mtu anapanda kutoka barabarani, taratibu, amevaa kitenge cha ibada na kilemba kikubwa cha manjano, pochi mkononi. Mama Feza hakuwahi kukosa ibada mpaka mwisho. Siku ile alitoka kabla ya mahubiri.

"Weye!" alisema kutoka mbali. "Mtoto ya namna gani?" Wote wakaacha kazi. Alinifikia, akanishika kidevu akakiinua kama anatafuta jeraha. Eliya alikuwa amempigia simu kutoka kule. "Ananiambia, Mama, musimukasirikie. Yeye! Ananiombea mimi nisikukasirikie!" Machozi yakamtoka, akayapangusa kwa ncha ya kitenge. "Ule si mutu wa kuacha, Furaha." Nikasema najua, Mama. Akasimama pale anahema, akatazama mikono yangu, akatazama masanduku ya zabibu, akatazama meza ya Lennart iliyokuwa na mkate mkavu na jibini. "Hiki ndicho munakula? Na hii baridi?" Lennart, ambaye hakujua neno moja la lugha yetu, alimnyooshea kishada. Mama Feza aliniuliza, "Imekuwa divai?" Nikasema bado, ni tunda. Akala moja, uso ukamkunjamana wote, akala ya pili. Halafu akamwambia Gunilla kwa Kiswidi chake cha kuokoteza kwamba anataka kuona jiko. Hakugusa mzabibu hata mmoja siku ile, na mpaka leo husema kwamba hakushiriki. Lakini giza lilipokaribia na kishada cha mwisho kikaingia sandukuni, tulikuta sufuria ya maharage yenye vitunguu na nyanya, na wali, na kabichi iliyokaangwa, mezani pale palipochomwa na sufuria nyingine, na watu saba wakala mpaka vijiko vikagusa chini. "Mama Gunila," alisema Mama Feza, maana hakuweza kumwita mtu mzima kwa jina tupu, "ongeza. Umekonda sana."

Sikurudi kuishi Hallunda baada ya hapo, ila Jumapili. Tulikamua, tukajaza matangi ghalani, na kazi ikawa ya kusikiliza. Divai changa huchemka yenyewe, unasikia vipovu kama mvua ya mbali juu ya bati. Eliya alipiga simu mara kadhaa vuli ile. Tuliongea habari za theluji ya kwake na theluji ya kwangu. Hakuuliza, nami sikuahidi. Januari alinipigia mchana, sauti yake imenyooka kama mashati yake, akaniambia kuna dada mmoja wa kanisa la kaka yake, na kwamba alitaka nisikie kutoka kwake kabla ya kusikia kwenye kwaya. Nilimshukuru. Nilimtakia heri, na nilimaanisha. Kisha nilitoka nikatembea kwenye safu zote, juu mpaka chini, theluji imefika magotini, na nililia kama mtu anayefanya kazi, bila kusimama. Wenye kusimulia hupenda kusema kwamba mtu akichagua vizuri moyo hutulia. Wangu haukutulia. Majira yale yote nilijiuliza, kila asubuhi, kama nimeacha mwanamume mwema kwa ajili ya ndimu zenye mbegu, na siwezi kusema kwamba swali hilo limewahi kunyamaza kabisa.

Mwishoni mwa Februari Gunilla alichota divai kutoka tangini kwa mara ya kwanza, akaileta jikoni kwenye jagi la kioo. Ilikuwa nyeupe, karibu haina rangi. Akamimina glasi tatu. Mimi sikuwa nimewahi kunywa pombe, na niliomba radhi kimoyomoyo kwa Mama Feza kule Hallunda. Kwanza harufu: maua meupe ya kichaka, kisha maracuja, yaani pasheni, ile iliyokatwa sasa hivi, kiasi kwamba nilitazama mezani kuitafuta. Halafu ladha ikapiga, kali, nyembamba, ikanifumba jicho moja, na nilipodhani imekwisha ikarudi safi na baridi, kama maji yaliyopita juu ya mawe. Haikuwa na utamu wa kumbembeleza mtu. Niliinywa tena. "Ni chachu," alisema Lennart. "Ni chachu sana," alisema Gunilla. Hakuna aliyecheka. Nje theluji ilikuwa inadondoka kutoka kwenye nyaya. Lennart aliizungusha glasi yake kwa mkono wake mzima, muda mrefu, kisha akamuuliza mkewe, bila kumtazama, kama watang'oa. Gunilla alifuta meza ambayo ilikuwa safi. "Sio siki," akasema. "Lakini peke yangu siwezi. Muulize Furaha."

Wakanitazama. Nilihisi yule nyuki kifuani, nilihisi mlango uko wapi nyuma yangu, hata bila kugeuka. Ningeweza kusema nitafikiri. Nilisema, "Ile safu ya juu kabisa, mwaka jana tuliikata fupi mno. Mara hii tuache macho mengi zaidi." Gunilla aliinuka akaweka kahawa motoni, mgongo wake umenigeukia, mabega yake yakipanda na kushuka. Na Lennart, ambaye hakuwahi kukubali neno la mtu bila kubishana, akavuta makombo ya mkate katikati ya meza, akaanza kubishana nami.